Neno la Mhariri: Mbele ya Mlango

Tazama mchoro wowote wa nyumba wa siku hizi. Mbele ya mlango pameandikwa “veranda”. Sina ugomvi na neno hilo, tumekwisha kulizoea; ila halisemi lolote juu ya anayeketi hapo wala anayeishia hapo.

Lamu, nyumba kongwe ya mawe haianzii mlangoni. Inaanzia dakani. Daka ni nafasi iliyorudi ndani ya ukuta, ina viti vya mawe kushoto na kulia, na mlango uko nyuma yake. Mgeni asiye wa ndani hupokewa hapo, akakaa, maneno yakaisha. Aliyeruhusiwa huingia tekani, ambako njia hupinda ili macho ya mpita njia yasifike kiwandani, yaani uani. Halafu kuna vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo vya kaure: vidaka, au zidaka kwa Kiamu. Nionavyo mimi, aliyeyatoa majina haya aliona kitu kimoja kwa vipimo viwili, daka la watu na kidaka cha sahani.

Baraza limesafiri mbali zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu, b-r-z, una maana ya kujitokeza, na ndivyo lilivyo: kiti kilichotokeza ukutani, kinachokaliwa na mtu aliyetoka aonekane. Ndugu yake ni kitenzi kubarizi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar watu hubarizi kwa kahawa na bao, na mvua ikifurika vichochoroni, barazani ndiko kwa kupita. Kisha jina la kiti likahamia kwa waliokikalia: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, hata Baraza la Kiswahili la Taifa.

Hapo ndipo ninapokereka. Neno tumelipandisha hadi Ikulu, kitu chenyewe tumekibomoa nyumbani. Badala yake tuna ukuta, geti la chuma na mgeni anayegonga juani. Tunaambiwa ni usalama. Lakini daka nalo lilikuwa ulinzi: lilimzuia mtu huku limempa kivuli na pa kukaa.

Toleo hili lote ni la nafasi hiyo iliyo kati ya njia na nyumba. Wasanifu wanaotusoma, andikeni daka, tekani na baraza kwenye michoro yenu, kisha mvijenge. Nawe msomaji wa bara, tuandikie: kwenu mahali hapo mnapaitaje?