USIMPIME ALIYETUMA KWA UKUBWA WA ALICHOTUMA



Ndugu zangu, leo tuzungumzie fedha wanazotuma jamaa zetu walio nje. Katika familia nyingi fedha hizi hulinganishwa: wa Marekani katuma nyingi, wa Saudia katuma kidogo. Basi mmoja anasifiwa, mwingine anasemwa.

Tuanze na nchi zenyewe. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2022, nchi iliyotoa fedha nyingi zaidi za namna hii ni Marekani, karibu dola bilioni 79. Saudi Arabia ikafuata kwa bilioni 39. Ukiishia hapo utasema Marekani imeizidi Saudia mara mbili.

Lakini uchumi wa Marekani mwaka ule ulizidi dola trilioni 25, na wa Saudia ulikuwa trilioni 1 na kidogo. Kwa hiyo katika kila dola 1,000 za uchumi wake, Marekani ilitoa kama dola 3. Saudia ilitoa kama dola 35. Aliyekuwa wa pili kampita wa kwanza zaidi ya mara kumi!

Kwa nini? Sensa ya Saudia ya 2022 ilihesabu watu milioni 32, na zaidi ya milioni 13 kati yao si raia. Wengi wamekwenda kufanya kazi na kuacha wake, waume na watoto kwao. Mshahara ukiingia, unaelekea nyumbani. Marekani wahamiaji wengi wanaishi na familia zao, na mshahara unaishia huko huko kwenye kodi ya nyumba, bima na mahitaji ya watoto.

Sasa ilete hesabu hiyo ndani ya nyumba yako. Chukulia dada yako ni mfanyakazi wa ndani Riyadh, analipwa riyali 1,000 na kutuma 800, yaani kama dola 213. Kaka yako yuko Marekani, analipwa dola 4,000 na kutuma 400. Kwa macho, kaka kamzidi dada karibu mara mbili. Kwa haki, kaka katoa sehemu moja katika kumi, na dada katoa nane katika kumi.

Tusimdhulumu kaka pia. Dada huenda anakula na kulala kwa mwajiri, na kaka analipia kila kitu. Ndiyo maana swali la haki si "Umetuma ngapi?" Swali ni "Umebakiwa na nini?"

Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam An-Nasai, alifundisha kwamba dirhamu moja inaweza kuzitangulia dirhamu laki moja, kwa kuwa mwenye kuitoa alikuwa na mbili tu, na yule mwingine alichota kutoka katika mali nyingi. Mizani ya dini ndiyo hiyo. Na kuwalisha watu wako nako ni sadaka.

Enyi mnaopokea, nawausia mambo matatu:

1. Mwenye kutuma sehemu nane katika kumi, mwambieni apunguze. Ajiwekee akiba, kwa sababu mkataba una mwisho na mwili unachoka.

2. Akituma fedha za kiwanja, ni za kiwanja. Hiyo ni amana. Wangapi wamerudi baada ya miaka wakakuta hakuna kiwanja wala maelezo?

3. Mwezi asipotuma, mpigieni simu kumuuliza hali yake kabla ya kumuuliza fedha. Huenda mshahara wake umezuiwa na anaona haya kusema.

Allah awahifadhi walio ugenini, awape waajiri waadilifu, na awarudishe salama. Amin.

Ukiona faida, mfikishie na mwenzako. Wallahu a'lam.