Ndiyo Isiyo na Jina

Katika Bunge la Tanzania, kama katika mabunge mengi yaliyorithi desturi ya Uingereza, mambo mengi makubwa huamuliwa kwa koo. Spika huhoji, wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, kisha Spika hutangaza kuwa waliosema ndiyo wameshinda. Sheria imekwisha pita. Nani aliikubali? Nani aliikataa? Nani alikuwa amesinzia? Kumbukumbu za kikao haziwezi kujibu, maana upepo hauandiki majina.

Katiba yataka nusu ya wabunge wote wawepo ili kikao kitimie, na yataka wingi wa kura za waliohudhuria. Wingi ni hesabu, na kelele haihesabiki. Watu kumi wenye vifua vipana huweza kuwafunika thelathini wenye haya. Debe tupu, kama ijulikanavyo, haliachi kuvuma.

Wenye desturi hii hawakuiamini mpaka mwisho. Huko London, sauti zikibishaniwa, wabunge hutoka wakapita njia mbili, wa ndiyo huku na wa siyo kule, wakahesabiwa. Na tangu 1836 Bunge lenyewe huchapisha majina yao. Usiku wa 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Mbunge mmoja wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mahututi, hakufika. Ni sikio gani lingaliweza kupambanua sauti moja katika mia sita na ishirini na moja? Nayo Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, iliwapa moja ya tano ya waliohudhuria haki ya kudai kila ndiyo na kila siyo iandikwe. Haki hiyo ni ya wachache, na hapo ndipo ilipo thamani yake, kwani wengi hawana haja ya kudai kuhesabiwa.

Husemwa kuwa hesabu hula wakati. Hula, lakini bajeti huamuliwa kwa kuitwa mbunge mmoja mmoja kwa jina, wala nchi haijafilisika kwa saa hizo. Ajabu ni kwamba bajeti ndiyo ambayo Bunge likiikataa, ibara ya 90 humpa Rais uwezo wa kulivunja. Majina basi hupatikana pale kukataa kunapoogopesha.

Iko hoja nzito zaidi. Mbunge akipoteza uanachama wa chama chake hupoteza na kiti. Majina yakiandikwa, husemwa, atazidi kuwa mtumwa wa chama. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini chama hakihitaji orodha: mnadhimu wake ameketi ukumbini, huona midomo iliyofunguka na iliyofumbwa. Asiyeona ni mkulima wa Newala aliyempeleka mbunge huko. Wengine huleta kura ya siri iwe dawa. Siri ni haki ya mpiga kura, kwa kuwa kura yake ni mali yake; kura ya mbunge ni amana, na aliyepewa amana hudaiwa hesabu.

Kanuni inayotakiwa haizidi mstari mmoja: kila muswada, katika kusomwa kwa mara ya mwisho, uamuliwe kwa majina, na majina hayo yachapwe kabla Rais hajatia saini. Hapo mkulima wa Newala atamwendea mbunge wake na karatasi mkononi.