Kabla ya Kufuta, Jua Kilichojaza



Katika nyumba zetu nyingi kompyuta ni moja, nayo ni ya wote. Mtoto hufanyia kazi za shule, mama huandikia hesabu za biashara yake, na picha za harusi za miaka yote zimewekwa humo. Ikifika siku ikaonya kwamba diski imejaa, aghalabu watu hufanya moja kati ya mawili: hufuta ovyo, au huikimbiza kwa fundi. Anayefuta kwa pupa aweza kuipoteza picha ya marehemu bibi akaibakisha filamu aliyokwisha kuitazama. Naye anayekimbilia kwa fundi humkabidhi mtu asiye maharimu picha za wanawake waliojipamba kwa ajili ya wanawake wenzao. Kwa hivyo la kwanza ni kujua kilichojaza.

Kujua si kazi ngumu. Katika kompyuta ya Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi I. Chagua System, kisha Storage. Utaona kila aina ya vitu na nafasi iliyochukua: programu, picha, video, na faili za muda. Anza na kilicho kikubwa zaidi.

Mara nyingi hesabu za mama hazina hatia. Ukurasa wa maandishi matupu huchukua kilobaiti chache tu, picha ya simu megabaiti kadhaa, na filamu moja huweza kupita gigabaiti 1, yaani megabaiti 1,000. Filamu hiyo moja yaweza kuchukua nafasi ya mamia ya picha. Kisha tazama folda ya Downloads, ambamo hulala kila kilichoteremshwa kutoka intaneti, pengine kitu kimoja mara tatu. Kadhalika picha za simu: zikinakiliwa upya kila mwezi, picha za Idi moja hukaa katika folda nne.

Faili za muda waweza kuzifuta hapo hapo. Lakini katika orodha yake huwemo pia Downloads. Usiitie alama kabla hujaipekua. Folda iitwayo Windows usiiguse, kwani ndiyo inayoiendesha kompyuta. Na picha uzipendazo zinakili kwanza katika diski ya nje.

Fahamu pia kwamba kilichofutwa kutoka katika folda kwa kawaida huingia katika pipa la takataka la kompyuta, na huendelea kuchukua nafasi mpaka pipa limwagwe. Hata baada ya kumwagwa, fundi hodari aweza kukirudisha. Basi kufuta si kusitiri. Ikilazimu fundi, mwite nyumbani, na mmoja wa jamaa akae naye hadi amalize.

Mwisho, hisabu hii ifanyeni pamoja. Faili ya mtu ni mali yake, hata kama mwenyewe ni mtoto. Mzazi aulize kabla ya kufuta, na mtoto asiiguse kazi ya mamake bila idhini. Kompyuta ya nyumba ni amana ya watu wengi, na mwenye amana huanza kwa kujua alichokabidhiwa.