Mkeka Nyuma ya Kioo

Kutoka Buxton hadi Ngomeni ni mwendo wa miguu tu. Hata hivyo, ni akina mama wangapi wa mitaa yetu wanaoihesabu Fort Jesus kuwa yao? Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Ikawa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Nairobi, tangu 1971, Kenya Museum Society imeyasaidia makumbusho kwa kazi ya watu wa kujitolea. Mombasa hatuanzi patupu. Vyama vya lelemama vya bibi zetu vilichanga fedha, vikashona sare na kufaana katika harusi na misiba. Nguvu hiyo naiona ikifaa makumbushoni.

Mkeka ulio nyuma ya kioo hausemi ukili wake ulisukwaje wala rangi ilipikwaje. Ajuaye ni bibi, naye wanafunzi wetu hawajamsikia. Lakini kujitolea kusiwe kutumikishwa: akina mama washirikishwe katika maamuzi, na majina yao yaandikwe.

Walimu wenzangu, tuwatangulize. Bibi akiondoka na elimu yake, kioo kitatuhifadhia nini?