Viti vitatu, wimbi moja: Funzo la Triolet kwa Wakenya

JINA la Seewoosagur Ramgoolam limeandikwa kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa wa Mauritius na kwenye bustani maarufu ya mimea ya Pamplemousses. Hata hivyo, majirani wa bustani hiyo ndio waliombwaga Juni 1982, akiwa angali waziri mkuu.

Miaka 32 baadaye, Desemba 2014, wapiga kura wa eneobunge hilo hilo walimtema mwanawe, Navin Ramgoolam, naye akiwa waziri mkuu. Novemba 2024, wakamrejesha bungeni na kumfungulia tena mlango wa serikali.

Eneobunge hilo ni Pamplemousses na Triolet, nambari 5 kati ya maeneobunge 21 ya taifa hilo la visiwa. Historia yake yafaa kudurusiwa na Wakenya kwa sababu moja kuu: halina mbunge mmoja, lina watatu.

Kenya nayo imewahi kukaribia mfumo wa aina hii. Mswada wa BBI wa mwaka 2020 ulipendekeza kila kaunti iwe na maseneta wawili, mwanamume na mwanamke. Mswada huo ulizimwa na Mahakama ya Juu Machi 2022, lakini kiu iliyouzaa haijakatika.

Septemba 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Uchaguzi wa 2022 ulipita bila kanuni hiyo kutimizwa. Kila mjadala huo unapofufuka, huzuka wazo kwamba dawa ni kuongeza viti.

Mauritius imeijaribu dawa hiyo kwa muda mrefu. Katika uchaguzi wa 1948, Ramgoolam mzee aliingia katika baraza la kutunga sheria kupitia wilaya iliyochagua zaidi ya mtu mmoja. Mnamo 1959, watu wazima wote walipopewa kura kwa mara ya kwanza, kisiwa kiligawanywa katika maeneo 40 yenye mbunge mmoja mmoja.

Kuelekea uhuru, tume iliyoongozwa na Harold Banwell mwaka 1966 ilipendekeza maeneo hayo yaunganishwe yawe 20, kila moja likiwa na viti vitatu. Kisiwa cha Rodrigues kilipewa viti viwili. Nia ilikuwa njema: vyama visimamishe wagombea wa jamii mbalimbali bega kwa bega, na mpiga kura ajizoeze kumchagua asiye wa kabila au dini yake.

Utaratibu wenyewe una masharti makali. Kisiwani Mauritius, kila mpiga kura sharti achague wagombea watatu kamili. Akichagua wawili au wanne, kura yake imeharibika. Watatu wanaoongoza ndio washindi.

Hapo ndipo nia na matokeo yalipoachana njia. Mpiga kura anayelazimishwa kutaja majina matatu hufuata nembo: ufunguo wa chama cha Labour, moyo wa MMM au jua la MSM. Wakenya waliowahi kuhimizwa kupiga kura 'suti kamili', kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, wanaufahamu mtindo huo vyema.

Matokeo yake ni kwamba viti vitatu huelekea kusombwa na wimbi moja. Mnamo 1982, muungano wa MMM na PSM ulitwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na Ramgoolam akaanguka katika ngome yake. Chini ya mwaka mmoja baadaye, serikali hiyo iliyokosa upinzani wa maana ilipasuka kwa mvutano wa ndani, na Agosti 1983 raia wakarudi kwenye vituo vya kura.

Mwanawe alishinda Pamplemousses na Triolet mnamo 1991 na kuhifadhi kiti katika chaguzi nne zilizofuata. Mwaka 2014, aliungana na hasimu wake, Paul Bérenger wa MMM, kwa mapatano kwamba mmoja awe rais mwenye mamlaka zaidi na mwingine waziri mkuu. Kwa hesabu ya mezani, muungano huo haungeshindwa. Wananchi waliikataa hesabu hiyo, na Navin akapoteza hata kiti chake.

Alijaribu bahati katika eneobunge nambari 10 mwaka 2019, akashindwa tena. Aliporudi nambari 5 mwaka 2024, wimbi lilikuwa upande wake. Muungano wake ulipata takriban asilimia 62 ya kura na kunyakua viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Kambi ya waziri mkuu Pravind Jugnauth, iliyopigiwa kura na zaidi ya robo ya wananchi, haikushinda hata kimoja.

Kipo kiraka cha kuziba ufa huo. Katiba inatoa hadi viti vinane kwa wagombea walioshindwa lakini waliofanya vyema, ili kusawazisha jamii na vyama. Kwa njia hiyo, kambi ya Jugnauth iliambulia wabunge wawili. Lakini hesabu ya jamii bado inategemea sensa ya 1972, na pendekezo la tume ya Albie Sachs la mwaka 2002, la kuongeza viti 30 vya uwiano wa kura, halikutekelezwa.

Haitakuwa haki kuulaumu mfumo huu bila kuusifu. Mawaziri wakuu wanne wamebwagwa katika maeneobunge yao wenyewe: Ramgoolam baba mwaka 1982, Anerood Jugnauth 1995, Ramgoolam mwana 2014 na Pravind Jugnauth 2024. Ni nchi chache barani Afrika ambako kiongozi wa serikali huogopa kijiji chake. Mfumo huu ni fimbo nzuri ya kumwadhibu aliye madarakani, ila ni mizani mbovu ya kupima mawazo ya raia.

Kwa Wakenya wanaotafuta njia ya kufikia thuluthi mbili, funzo la Triolet ni kwamba wingi wa viti pekee hauleti sura mpya bungeni. Viti vikiwa vitatu, anayeamua ni chama kinachoandaa orodha ya majina matatu. Orodha ikiwa ya wanaume watupu, wimbi litawabeba wanaume watupu.

Mauritius yenyewe ilithibitisha hilo katika serikali za mitaa. Sheria ya mwaka 2011 ilivitaka vyama vihakikishe kwamba si zaidi ya thuluthi mbili ya wagombea wao ni wa jinsia moja. Katika uchaguzi wa 2012, idadi ya madiwani wanawake iliongezeka maradufu na zaidi. Kwa wabunge, ambao vyama havikuwekewa sharti kama hilo, wanawake walibaki wachache.

Hivyo basi, kabla ya kumwongezea mlipa kodi mzigo wa viti vipya, wabunge wa Kenya wangeanza na mahali ambapo orodha huandikwa: mchujo wa vyama. Huko ndiko wanawake wengi hukwama kabla mpiga kura hajaziona karatasi, na huko ndiko vigogo hawajawahi kuwa na haraka ya kubadilisha sheria.