Mazishi ya Gari

Gari bovu uliloliacha uani juu ya mawe manne limekufa machoni pako tu. Katika daftari la serikali lingali lako, na kwa watoto wa jirani ni chumba cha kuchezea. Juma hili tuwatazame Wajapani, ambako mengi ya magari yetu yametoka, jinsi wanavyoyazika magari yao, yakiwamo yale ya mapumziko yaliyotiwa kitanda, jiko la gesi na sinki.

Walijifunza kwa uchungu. Katika kisiwa cha Teshima takataka za magari yaliyosagwa zilimwagwa kwa miaka mingi, mpaka polisi walipoingilia kati mwaka 1990. Wanakijiji walidai haki yao hadi maafikiano ya mwaka 2000, na kazi ya kuziondoa taka hizo, zaidi ya tani 900,000, haikwisha ila mwaka 2017.

Tangu Januari 2005 sheria yao yamtaka anunuaye gari jipya alipe ada ya mazishi siku ile ile, nayo huwekwa akiba. Gari likichoka, mwenyewe hulikabidhi kwa mpokeaji aliyeandikishwa, naye hupewa hati. Kisha mmoja hunyonya gesi ya kiyoyozi, mwingine hutoa betri, mafuta, matairi na ile mifuko ya hewa ifumukayo wakati wa ajali, na wa mwisho husaga bodi. Kila mmoja hutoa taarifa ya kazi yake, ndipo gari lifutwe daftarini. Vigari vya kulala vinavyokokotwa vimeachwa nje ya sheria hiyo, nami naiona ni kasoro, maana navyo vina friji na mtungi wa gesi.

Lakini gari likiuzwa nchi za nje, ada ile hurudishiwa aliyelisafirisha akiiomba. Kwa hiyo Hiace ishukayo bandarini Dar es Salaam yaja bila hata senti moja ya kuzikiwa. Deni hilo lakuangukia wewe, uliyeinunua mwisho, pamoja na kijana wa vyuma chakavu mwenye nyundo na mkasi, asiye hata na glovu.

Basi kabla hujamwita, toa mtungi wa gesi, kisha fungua waya za betri. Betri isivunjwe uani, kwani risasi iliyomo hudhuru akili za watoto wadogo. Oili chafu ikingwe katika dumu, isimwagwe mtaroni. Mwambie fundi kuwa usukani una mfuko wa hewa usiofumuka, na kwamba tangi la petroli, hata likiwa tupu, lisikaribiwe na moto wa kukatia vyuma, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Ng'oa namba, uchukue na kadi ya gari, uende TRA ukaombe lifutwe. Ukiziacha, mwingine aweza kuzivisha gari la wizi lenye jina lako.

Bei ya chuma mtapatana baadaye.