TIBA NAFUU HUANZIA KWENYE KARO

Mkisikia neno sindano najua wengi wenu mtakunja uso. Tulieni. Sindano ninazozungumzia hazina dawa ndani, ni nyembamba kama unywele, nao Wachina wamezitumia kwa karne nyingi kutuliza maumivu. Tiba hiyo huitwa akyupancha. Sisemi kwamba huponya kila kitu. Malaria ni dawa, mguu uliovunjika ni plasta. Lakini kwa maumivu sugu ya mgongo na kichwa, wengi hupata nafuu.

Shida ni bei. Tiba hii si ya siku moja. Mgonjwa hurudi mara kwa mara. Huko Marekani mtindo ulikuwa mgonjwa mmoja, chumba kimoja, dola 60 au zaidi kila anapokwenda. Jamani, mpiga deki atazitoa wapi?

Mwaka 2002, mjini Portland, Lisa Rohleder na wenzake walifungua kliniki ya Working Class Acupuncture, yaani ya wafanyakazi. Walipanga viti vya kuegemea katika ukumbi mmoja. Mgonjwa hukunja mikono ya shati na miguu ya suruali, akadungwa mikononi, miguuni na masikioni, kisha akajilalia usingizi wake. Mtabibu naye huyoo, kiti cha pili, cha tatu, hata watu sita kwa saa moja. Bei ikawa dola 15 hadi 35, mgonjwa achague mwenyewe, wala haulizwi mshahara wake. Wako watakaosema ni aibu kutibiwa mbele ya watu. Mbona sisi tunalazwa wodi moja na hakuna aliyekufa kwa haya?

Wazo lenyewe lilikuwa na mizizi mirefu. Miaka ya 1970, katika Hospitali ya Lincoln huko Bronx, New York, vijana wa mtaani walianza kuwadunga sindano masikioni watu waliotaka kuacha heroini. Mmoja wao alikuwa Mutulu Shakur, naam, baba wa kambo wa Tupac mnayemwimba bwenini! (Baadaye alifungwa miaka mingi kwa kesi ya wizi wa gari la fedha, lakini hayo si ya leo.) Jambo kubwa ni kwamba walifundishana. Mtu wa mtaa alijifunza, akamtibu jirani yake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mtu akitoka chuoni na deni kama mlima, atawezaje kumtoza mgonjwa dola 15? Atapandisha tu, si kwa uchoyo, bali benki inamngoja mlangoni. Watu wa Portland waliliona hilo, na mwaka 2014 wakaanzisha chuo, POCA Tech, chenye karo ndogo, wanafunzi wakijifunza kwa kuwatibu watu wale wale wa viti vya kuegemea.

Sisi huku twawalaumu madaktari wa kliniki za kibinafsi kwamba ni wanyonyaji. Mimi nauliza: wazazi wao waliuza mashamba mangapi ili wasome? Nusu ya darasa letu wanataka kuwa madaktari. Karo ikiwa ile ile, nao watatutoza vile vile, hata wakiwa na roho za malaika.

Anayetaka kunipinga aje kwenye mjadala wa kwanza wa muhula ujao. Mimi nitakuwa upande wa karo ndogo.